Kupima Imani ya Mgonjwa

Vitu vingi vya dunia hii, msomaji, vina vipimo vyake. Kitambaa hupimwa kwa mita, maziwa hupimwa kwa chupa, na mahindi, huku kwetu Vitengeni, yalipimwa kwa kibaba na pishi muda mrefu kabla ya mizani ya duka kufika. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na mwuzaji aliyezoea kutia kidole ndani ya kibaba chake ili kipokee kidogo alijulikana kijiji kizima. Homa nayo ina kipimo. Kipimajoto kikiwekwa kwapani husema kweli hata kama mwenye kwapa anasema uongo. Lakini imani ya mgonjwa kwa daktari wake ina pishi gani? Ukiambiwa uipime, utaitia katika chombo gani, nawe utajuaje kama kidole hakimo ndani?

Nakuuliza hivi kwa sababu niliwahi kupewa kazi hiyo, nami nikaifanya vibaya. Kidole kilichokuwa ndani ya kibaba kilikuwa changu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, cheti mkononi, nikingoja kuajiriwa, na kungoja huko ni darasa ambalo halina kengele ya kutoka. Nilirudi nyumbani kulima. Vitengeni iko bara ya Kilifi, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke ukitokea baharini. Ni nchi ya jua kali, ya mahindi yanayotegemea mvua na ya mbuzi wanaojitafutia. Siku moja akafika mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza jinsi wagonjwa wanavyowaamini madaktari wao. Alikuwa kijana mwema, lakini Kigiriama hakukijua hata salamu, na wazee aliotaka kuwauliza Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Akatafuta mtu wa kumfasiria na kumwandikia. Nikapata kazi.

Zahanati tuliyokwenda sitaitaja jina. Haikuwa mbaya kuliko nyingine, na niliyoyaona pale yangeweza kuonekana popote.

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na nasaba ndefu. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Rensis Likert, alionyesha kwamba maoni ya mtu yaweza kupimwa kwa kumsomea sentensi na kumtaka aseme anaikubali kwa kadiri gani, tangu kuikataa kabisa hadi kuikubali kabisa, na kila jibu likapewa tarakimu yake. Mwaka 1990 Wamarekani wengine wawili, Anderson na Dedrick, wakaitumia njia hiyo kutunga sentensi 11 za kupimia imani ya mgonjwa kwa tabibu wake. Mwaka 2002 Mark Hall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest wakatoa kipimo kingine, cha sentensi 10. Watu hawa hawakufanya kazi ya ovyo. Waliigawa imani katika sehemu zake kama fundi anavyoifungua saa: je, daktari hutanguliza faida ya mgonjwa kabla ya faida yake? Je, ana ujuzi? Husema kweli? Hutunza siri? Kisha wakachanganya sentensi za kumsifu daktari na za kumshuku, ili mtu wa kuitikia kila kitu agunduliwe.

Karatasi yetu ilikuwa mtoto wa vipimo hivyo. Sentensi 10, majibu tangu 1 hadi 5, na aliyepata 50 alihesabiwa kuwa na imani kamili.

Taabu ilianza katika sentensi ya kwanza, maana ilitaja "daktari wako". Msomaji, nani ana daktari wake Vitengeni? Mwandishi wa sentensi ile aliishi katika nchi ambamo watu wengi wana tabibu mmoja anayewajua kwa jina na kuwatunza miaka mingi. Huku mgonjwa humkuta aliye zamu. Leo ni mwuguzi, mwezi ujao ni tabibu mgeni aliyehamishwa kutoka wilaya nyingine, na wote hao, pamoja na kijana anayegawa vidonge dirishani, huitwa daktari kwa sababu ya koti jeupe. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu, "Yupi, mwalimu? Yule mrefu aliyeondoka, au huyu wa sasa ambaye hata jina sijalishika?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Yeyote." Naye akajibu juu ya yeyote.

Ikaja taabu ya pili, nayo ni ya lugha yetu wenyewe. Neno imani katika Kiswahili lina uso wa mbele na uso wa nyuma. Ni kuamini, na pia ni huruma, kama tusemavyo mtu katili hana imani. Mama mmoja alipoulizwa kama ana imani na daktari, alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Namwonea imani sana. Kazi nyingi, usiku halali, na watoto wake wako mbali." Tukaandika 5. Mwanafunzi alifurahi, mimi nikatabasamu, na yule mama akaenda zake akiwa hajaulizwa chochote.

Sentensi za kumshuku daktari ndizo zilizotushinda zaidi. Mwulize Mswahili, "Je, daktari hakujali?" naye akajibu, "La." Amesema nini? Yamkini amesema la, hanijali. Yamkini amesema la, si kweli, ananijali. Tulikuwa tukikisia kwa kutazama uso, na kukisia kwa kutazama uso si kipimo. Mtego uliotegwa kumnasa mwitikiaji ulimnasa pia msema kweli.

Lakini haya yote ni makosa ya chombo, na chombo chaweza kurekebishwa na fundi. Kosa langu lilikuwa jingine.

Siku ya tatu, katika foleni ya wagonjwa, alikuwemo nyanya yangu. Sisi Wagiriama humwita nyanya hawe. Alikuwa na maradhi ya shinikizo la damu, na kila mwezi alikuja kuchukua vidonge. Kanuni ya kazi ilikataza nisimwulize ndugu yangu, nami niliijua. Walakini tulibakiwa na majina machache kutimiza hesabu ya siku ile, jua lilikuwa kali, na mwanafunzi hakujua kwamba bibi yule ni wa kwetu. Nikakaa naye chini ya mkorosho, nikasoma sentensi ya kwanza.

"Nakubali kabisa," akasema.

Ya pili, nakubali kabisa. Ya tatu vivyo hivyo. Zile za kumshuku daktari alizikataa kwa nguvu, bila kukosea hata moja, kwa maana alikuwa mwanamke mwerevu aliyeona upesi karatasi ile inataka nini. Alipomaliza alinipigapiga begani, akasema kama nyanya za kwetu wasemavyo kwa wajukuu wao wa kiume, "Haya, mume wangu, umepata kazi nzuri. Usiipoteze." Nikajumlisha. Alikuwa na 50. Hakuna mtu mwingine katika siku zote zile aliyefika hapo, nami, nakiri, niliona fahari.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, alikutwa uani ameanguka. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia hausikii. Kilikuwa kiharusi. Tukampakia katika gari la jirani kwenda hospitali, na shangazi akaniagiza nirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Chini ya kitanda, ndani ya debe la kuwekea mbegu, nilikuta vidonge vyake. Havikuwa vya wiki moja wala mbili. Vilikuwa pakiti juu ya pakiti, nyingine vumbi limekwisha kuziganda, kila moja imefungwa vizuri kama ilivyotoka dirishani. Alikuwa akienda kila mwezi, akipokea kwa mikono miwili, akishukuru, akizileta nyumbani, akizihifadhi. Nilikaa sakafuni na lile debe kwa muda mrefu.

Hamsini juu ya hamsini! Alimjibu nani siku ile chini ya mkorosho? Hakumjibu daktari. Alinijibu mimi, mjukuu wake aliyepata kibarua baada ya kungoja sana, na kila tano yake ilikuwa zawadi kwangu. Nilidhani napima imani yake kwa daktari, kumbe napima mapenzi yake kwangu.

Baada ya siku hizo nimesoma mengi juu ya jambo hili, kila nilipopata kitabu au makala, na nimeona kwamba wenye hekima hawaitazami kauli peke yake. Huitazama miguu pia. Nitakupa mfano ulio mbali nasi. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza mwaka 1932 kuwachunguza wanaume weusi maskini, 399 kati yao wakiwa na kaswende na 201 wakiwa hawana. Waliambiwa kwamba wanatibiwa, na kumbe wanatazamwa tu jinsi ugonjwa unavyoendelea. Ilipofika mwaka 1947 penisilini ilikuwa imekubalika kuwa dawa ya kaswende, wao hawakupewa. Habari ikafichuka magazetini mwaka 1972. Kabla ya mwaka huo watu wale waliendelea kuitika wito wa kupimwa miaka 40. Laiti mtu angewapelekea karatasi ya sentensi 10, nadhani wengi wangeandika tano, na tano zile zingekuwa kielelezo cha udanganyifu uliofanikiwa, wala si cha udaktari mwema.

Mwaka 2018 wataalamu wawili wa uchumi, Marcella Alsan na Marianne Wanamaker, walichapisha hesabu ya madhara yaliyofuata. Hawakumwuliza mtu kama anaamini. Walitazama ni mara ngapi wanaume weusi walikwenda kwa daktari kabla ya 1972 na baada yake, wakaona miguu ilipungua. Wakakadiria kwamba umri uliotarajiwa wa mwanamume mweusi mwenye miaka 45 ulipungua kwa hadi mwaka mmoja na nusu. Basi imani iliyovunjwa ina uzito, na uzito wake ni miaka ya watu ambao wenyewe hawakuwamo katika uchunguzi ule.

Lakini miguu nayo ina uongo wake. Hawe alikwenda zahanati kila mwezi, hakukosa. Tena miguu ya mtu mwenye mlango mmoja tu haitoi ushahidi mkubwa. Tangu tarehe 5 Desemba 2016 hadi tarehe 14 Machi 2017 madaktari wa hospitali za serikali hapa Kenya waligoma, siku 100 kamili. Mgomo ulipokwisha niliona foleni zimerudi kama zamani. Je, ilikuwa imani iliyorudi? Yawezekana ilikuwa haja tu, na haja hupanga foleni ndefu sawasawa na imani.

Pwani yetu inalijua jambo hili tangu kale, nayo ina neno lake la kutisha: mumiani. Asili yake ni dawa, kitu cheusi kama utomvu kilichosemekana kutoka Uajemi, kikipakwa penye mifupa iliyovunjika. Baadaye watu wakaamini kwamba hutengenezwa kwa damu ya wanadamu wanaouawa kwa siri, na kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939 yaeleza jinsi uvumi wa mumiani ulivyowafungia watu majumbani jua likizama. Sasa fikiri: mwaka 1989 kikaanzishwa katika mji wa Kilifi kituo cha utafiti wa afya, kwa ushirika wa taasisi ya Kenya iitwayo KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Kazi yake haifanyiki bila kuchukua damu ya watoto. Unadhani watu walisema nini?

Wako watakaokuambia kwamba uvumi ule ni ujinga. Mimi nasomesha, na nimejifunza kutolitumia neno hilo upesi. Mtu anayechukuliwa damu na mgeni mwenye gari, bila kuambiwa inakwenda wapi wala kurudishiwa jibu, ana haki ya kuuliza, na asipopewa mahali pa kuuliza ataulizia kisimani. Mwaka 2005 watafiti wa kituo hicho, Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh, walichapisha makala juu ya imani na idhini katika pwani hii, na humo imani na hofu zaonekana zikilala chumba kimoja. Mama yule yule atamkimbiza mtoto wake hospitali usiku, na kesho yake ataiogopa sindano ile ya damu. Kituo hakikuishia kuandika. Kilikubali wawakilishi wa wanavijiji waketi nacho na kukihoji, na wanafunzi wa sekondari, wa rika lako, wakaalikwa kuingia maabara na kuona damu inakotiwa. Damu ya mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Jambo dogo kama hilo, likisemwa kwa kijiko mkononi, hupunguza hofu kuliko hotuba.

Na matunda yalionekana. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Kilifi kikiwa kimojawapo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza ipewe watoto. Nyuma ya tarehe hizo kuna akina mama waliokubali kutoa mikono ya watoto wao. Imani, amana na uaminifu ni maneno ya shina moja. Mama alitoa amana, na aliyepokea alitakiwa awe mwaminifu. Karatasi yetu ya 2015 ilimpima mtoa amana tangu sentensi ya kwanza hadi ya kumi. Aliyepokea haikumpima hata mara moja.

Nirudi kwa hawe. Alilazwa wodini siku kadhaa, na ulimi wake ukaanza kurudi polepole. Nilikuwa nimeapa kumsema juu ya lile debe. Asubuhi moja akaja tabibu, mwanamke kijana, akavuta kiti, akaketi. Hilo la kuketi nililitazama sana, kwa maana katika zahanati ile nyingine sikumwona mtu akiketi na mgonjwa. Hakumwuliza, "Ulikuwa unameza dawa?" swali ambalo lina jibu moja tu la heshima. Alimwuliza, "Hawe, watu wengi hushindwa na dawa hizi. Wewe ni kipi kilichokushinda?"

Hawe alinyamaza. Akanitazama mimi. Nikaelewa, nikatoka, nikasimama nyuma ya pazia, na sikufanya uungwana kusikiliza, lakini nilisikiliza.

Alieleza kwamba kidonge kimoja kilimpeleka choo mara nyingi usiku. Choo cha kwetu kiko mbali na nyumba, njia ina mawe, na usiku mmoja alijikwaa akaanguka. Akaogopa kuvunjika nyonga kuliko alivyoogopa maradhi asiyoyasikia mwilini. Aliviacha vyote, kwa sababu hakujua kipi ndicho. Tabibu akamwuliza mbona hakusema. Hapo ndipo nilipopata habari ambayo katika familia yetu hakuna aliyekuwa akiijua. Miaka mingi nyuma alimpeleka mjukuu mwenye homa mahali pa kutibiwa, na aliyempokea alikata kwa mkasi hirizi iliyokuwa shingoni mwa mtoto, akaitupa mbele ya watu, akamwita hawe mtu wa giza. Mtoto alipona. Tangu siku ile hawe aliwaitikia watu wa koti jeupe kila walilosema, na siri zake akazifunga. Wazee wetu husema mficha uchi hazai, lakini mtu aliyevuliwa nguo hadharani mara moja hujifunza kuficha.

Nilihesabu baadaye. Mjukuu yule mwenye homa, kwa umri na kwa mwaka, hawezi kuwa mwingine ila mimi.

Tabibu hakumkemea wala hakumwomba radhi kwa makosa ya mtu mwingine. Alichukua pakiti moja, akamwonyesha kidonge chenyewe, akamweleza kwamba kazi yake ni kutoa maji mwilini. "Hiki ukinywe asubuhi, hawe, ukisha kunywa chai. Mchana choo kiko karibu, na jua linakuonyesha mawe." Hilo tu. Kuhamisha kidonge kutoka usiku kwenda asubuhi kulikuwa kumengoja miaka.

Nyuma ya pazia nilisikia kimya kidogo. Kisha hawe, kwa ulimi wake mzito, akaanza habari nyingine ambayo hakuulizwa. Alisema kwamba kuna mizizi aliyopewa na mganga, naye huichemsha kila Ijumaa, na anataka kujua kama inagombana na vidonge.

Nikasikia kalamu ya tabibu ikiandika. "Mizizi ya mti gani, hawe?" akauliza, na kiti kikasogezwa karibu zaidi.